Mstari wa Maelezo wa Bi Mwaija

Mimi nauza madaftari. Nauza na kalamu, bahasha, gundi, natoa fotokopi, nalaminisha vyeti, na mtu akija na barua ya kuomba kazi iliyojaa makosa namchapia upya, shilingi elfu moja ukurasa. Duka langu liko Dunda, Bagamoyo, linatazamana na iliyokuwa ofisi ya chumvi ya Mzee Alawi. Kwa miaka kumi na minne mteja wangu wa uhakika kuliko wote alikuwa karani wa ofisi hiyo, Mwaija binti Bwanausi. Kila baada ya miezi mitatu alivuka njia, akanunua kaunta buku moja ya kwaya nne, kalamu mbili za bluu na moja nyekundu, halafu akadai risiti. Risiti, jamani, kwa kaunta buku! Mwanzoni nilimwona mwanamke mwenye kisirani.

Nasimulia habari zake kwa sababu mjini wameshaanza kuzisimulia ovyo. Wako wanaosema Mwaija alimkana baba kwa ajili ya bati. Wako wanaosema alidhulumiwa akanyamaza. Wote hao hawakuwapo. Mimi Twalha nilikuwapo, tena pedi ya wino niliishika kwa mkono wangu huu.

Tuanze na huyo baba. Mwaija alizaliwa na Bwanausi, na Bwanausi na Mzee Alawi walikuwa marafiki wa kukaa baraza moja, kahawa moja, kelele moja. Bwanausi alifariki Mwaija akiwa na miaka tisa. Mama yake akaolewa Pangani, na huko Pangani mume mpya hakutaka mtoto wa mtu. Mzee Alawi akasema, basi huyu mtoto anabaki kwangu. Akamlea. Miaka miwili baadaye akapata mtoto wake wa kumzaa, Najim, na Najim akakua mgongoni mwa Mwaija. Mwaija alisomeshwa, akapelekwa Dar es Salaam kujifunza utunzaji wa hesabu, akaolewa Chalinze, ndoa ikashindikana, akarudi. Mwezi wa tatu mwaka 2010 Mzee Alawi akampa meza ya ofisi na chumba cha uani nyuma ya ofisi hiyo hiyo, akamwambia daftari ni lako.

Shamba la chumvi lilikuwa kaskazini ya mji, majaruba yanayojazwa maji ya bahari, jua likaja likayakausha, watu wakakwangua kwa reki na kujaza magunia. Watu ishirini na mmoja walifanya kazi pale, na kila mmoja alilipwa kwa gunia. Mtu akijaza mengi anapata nyingi, mvua ikinyesha chumvi inayeyuka na mshahara unayeyuka nayo. Hesabu ya namna hiyo inataka mtu mwenye roho ngumu, maana kila wiki lazima pawe na wa kulalamika.

Siku moja ya mvua, sina mteja hata wa bahasha, Mwaija alinifundisha kazi yake. Alisema kila shilingi ina pande mbili, ilikotoka na ilikokwenda, na zote mbili lazima uziandike. Ilikokwenda ni debiti, ilikotoka ni krediti, na pande zote mbili zilingane. Chini yake unaandika mstari wa maelezo, kwamba hasa nini kilitokea.

"Hapo ndipo watu wanapofanya uvivu," aliniambia. "Wanaandika 'malipo mbalimbali.' Mbalimbali ndiyo nini? Mimi naandika lililokuwa."

Na kweli aliandika lililokuwa. Nimeyasoma mwenyewe, maana alikuja kuyatolea fotokopi kila mwisho wa mwaka. Debiti usafiri, shilingi elfu nne, krediti fedha taslimu, elfu nne. Maelezo: "Bodaboda ya kumfuata Ramadhan kwa mke mdogo, lori la mzigo likimsubiri." Debiti vifaa, elfu kumi na mbili. Maelezo: "Tochi mbili badala ya zilizoibwa na mtu anayejulikana." Debiti takrima, elfu saba na mia tano. Maelezo: "Chai na sambusa za wageni waliokuja kutazama chumvi, wakaila kwa ulimi, wakaondoka bila kununua." Nilicheka mpaka nikaharibu karatasi tatu mashineni, na hasara ikawa yangu.

Siku yake kubwa ilikuwa Alhamisi, siku ya mshahara, ili Ijumaa mtu aende msikitini na kitu mfukoni. Asubuhi alihesabu magunia na mnyapara, akaandika orodha, akakata mchango wa NSSF wa kila mtu, akakata na zile fedha walizokopa katikati ya wiki. Kisha ingizo. Nakumbuka moja kwa sababu alilifanya mfano wa kunifundishia: debiti mishahara, milioni moja laki mbili na arobaini elfu. Krediti NSSF ya kulipwa, laki moja na ishirini na nne. Krediti mikopo ya wafanyakazi, themanini na sita elfu. Krediti fedha taslimu, milioni moja na elfu thelathini. Jumlisha hizo tatu, utapata ile ya juu. Usipopata, hakuna kulala. Mwaija alipata kila Alhamisi.

Na baada ya alasiri, Alhamisi hiyo hiyo, alilibeba daftari kwapani akaenda nyumbani kwa Mzee Alawi kumsomea. Hiyo ilikuwa desturi yao. Mzee amekaa kwenye kiti cha kamba na kahawa yake, Mwaija kwenye mkeka, anasoma wiki nzima, ingizo kwa ingizo. Mzee hakuwa na haja na tarakimu. Alikuwa anangoja maelezo. Akisikia habari za Ramadhan na mke mdogo anapiga goti, "Lo! Na wewe umeliandika?" Anasomewa tena. Hata macho yalipoanza kuzibwa na mtoto wa jicho, hakuacha. Alikuwa akisema hana haja ya kuona, ana Mwaija.

Sasa njoo kwenye kosa. Kosa lilikuwa la mwezi wa kwanza kabisa, tena lilifanywa kwa heshima, na ndiyo maana hakuna aliyeliona.

Mwisho wa mwezi wake wa kwanza, Mwaija alipanga orodha ya mishahara akamuuliza Mzee, "Na jina langu niliweke wapi, Baba?"

Mzee alihamaki. "Jina lako? Unataka kujiandika pamoja na vibarua? Watu waseme Alawi anamlipa mwanawe ujira? Ebo!" Akatoa laki moja na ishirini akaziweka mezani. "Hii ya sabuni. Iandike kwenye yangu."

Kwenye yangu maana yake ilikuwa ile hesabu iitwayo matumizi binafsi ya mwenye mali. Humo ndimo Mwaija alimoingiza kila Mzee alichochukua kwa ajili ya nyumba yake: mchele, dawa ya magoti, ada ya chuo ya Najim. Basi akaandika debiti matumizi binafsi ya mwenye mali, krediti fedha taslimu, na maelezo yake: "Sabuni ya Mwaija." Mwezi wa pili hivyo hivyo. Ile laki na ishirini ilipanda mpaka ikafika laki tatu, na maelezo hayakubadilika. Miaka kumi na minne, mara mia moja na sitini na nane, sabuni ya Mwaija.

Mtu asiniambie alionewa na hakujua. Alijua, na alijivunia. Niliwahi kumuuliza mbona hajikati NSSF kama wenzake, akanitazama kama nimemtukana. "Mimi simo kwenye orodha, Twalha. Mimi wa nyumbani."  Mimi mwenyewe ningejibu hivyo hivyo, baba mtu kama yule.

Mwaka jana Mzee Alawi alitimiza miaka themanini na moja. Macho yamekwisha, mkono wa kulia unatetemeka hata kikombe kinamwagikia. Bei ya chumvi imeshuka, na Najim ana duka lake la vipuri Dar, hana nafasi ya kuja kupigana na majaruba. Ikapatikana kampuni moja ya kununua kila kitu, shamba, magunia, reki, na jengo la ofisi pamoja na vyumba vyake vya uani. Sharti zuri likawekwa kwenye mkataba: kila mfanyakazi aliyemo kwenye orodha ya mishahara alipwe kiinua mgongo, mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka aliotumika. Fedha hizo zilipwe kabla ya makabidhiano, mwisho wa mwezi wa sita.

Kampuni ikamleta mkaguzi kupitia vitabu, binti mmoja anaitwa Adila, miwani, kompyuta ya mapajani, adabu zake zote. Alisoma daftari za Mwaija siku tatu. Siku ya pili alikuja dukani kwangu kutoa fotokopi akanambia, "Kaka, nimekagua makampuni yenye maghorofa, sijakuta vitabu safi kama hivi." Halafu akanisomea habari za Ramadhan, tukacheka wote. Ramadhan mwenyewe alikuwa anapita na baiskeli, akauliza, "Hilo nalo limo?" Tukamwambia limo na tarehe yake. Akaondoka anatukana.

Siku ya tatu Najim alikuja kutoka Dar, wakakaa watatu ofisini na orodha ya watu wa kulipwa. Mlango ulikuwa wazi na mimi nina masikio. Adila alisoma majina ishirini na moja, akafunga kompyuta.

"Na mimi?" Mwaija akauliza.

Adila akaifungua tena, akatafuta. "Dada, wewe humo. Hukuwahi kuwamo. Hakuna mshahara hata mmoja wenye jina lako."

Najim aliinamisha kichwa. Sitamsingizia, Najim si mtu mbaya. Alisema, "Da Mwaija, mimi sikatai. Daftari lako ndilo linalokataa." Kisha akasema lile neno la wanandugu, "Lakini wewe ni wetu, tutakuangalia. Huwezi kulala njaa sisi tupo."

"Mtaniangalia mkiwa wapi, Najim? Wewe Dar, mimi chumba mmekiuza."

 Na hapo ndipo ilipokuwa shida yote. Mwaija alikuwa na kiwanja Nianjema, nyumba ya vyumba viwili, kuta zimesimama mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na zimesimama hapo miaka sita. Haina paa. Laki tatu mara miaka kumi na minne ni milioni nne na laki mbili, na fundi alikuwa ameshampigia hesabu ya mbao na bati ikatoka milioni nne na kitu. Akilipwa, ana pa kuhamia. Asipolipwa, mwisho wa mwezi wa sita anatoka chumba cha uani na sanduku lake, umri miaka hamsini na moja, hajui anakwenda kwa nani. Mirathi nayo haimhusu, kila mtu wa hapa anajua mtoto wa kulea harithi. Kwenye daftari si mfanyakazi, kwenye mirathi si mwana. Na aliyeandika daftari ni yeye.

Mimi nilikasirika kwa niaba yake, na mtu mwenye hasira hutoa ushauri wa kijinga. Nilimfuata nikamwambia, "Da Mwaija, nina kaunta buku za aina ile ile, na kalamu ile ile. Chukua bure. Unaandika upya kurasa za mwisho wa mwezi tu, unajiweka kwenye orodha. Nani atajua?"

 "Daftari halifutwi, Twalha. Likikosewa linarekebishwa kwa ingizo jingine, kila mtu alione kosa na alione rekebisho. Nikifuta moja, yote mengine niliyoandika yatakuwa na maana gani?"

Nikajiona mjinga. Lakini bure ni bure, hata risiti nisingempa.

Adila naye alimwambia kitu hicho hicho, ila kwa upole wa kazi. Alimwambia njia ipo. Aandike ingizo moja la kurekebisha: debiti mishahara, krediti matumizi binafsi ya mwenye mali, kwa jumla ya zile sabuni zote. Mzee Alawi aliidhinishe, basi, jina lake litaingia kwenye orodha na kiinua mgongo atapata. "Ila maelezo yake lazima yaseme wazi kwa nini maingizo ya kwanza yalikuwa makosa," alisema. "Wenzangu ofisini watauliza."

Debiti na krediti aliziandika kwa dakika mbili. Maelezo yalimchukua siku nne.

Alikuja kuyaandika kwangu, kwenye karatasi zangu mbovu za nyuma ya fotokopi, kwa sababu ofisini hakuweza. La kwanza: "Kurekebisha kosa la karani." Adila akalirudisha, kosa gani? La pili: "Malipo yaliyoitwa sabuni yalikuwa mshahara." Adila akalirudisha tena, akaeleza huku anaona haya. Wenzake watasema mtu wa nyumbani kupewa fedha za nyumbani si mshahara, iweje leo uwe mshahara? Lazima iseme kwamba hakuwa mtu wa nyumbani.

"Andika tu, Da Mwaija!" nikamwambia. "Ni maneno!"

"Maneno ndiyo kazi yangu," akajibu. Alikuwa na macho mekundu. Nilijitia kupanga bahasha.

Siku ya nne, Alhamisi, aliandika. Adila akasoma, akakubali. Kwa kuwa mkono wa Mzee hauwezi tena kalamu, ilibidi iwe dole gumba, na mjini hapa mwenye pedi ya wino inayoeleweka ni mimi. Ndivyo nilivyokuwapo.

Tulifika baada ya alasiri, Mwaija, Najim, Adila na mimi. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha kamba. Tukamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, marahaba, mbona mmekuwa wengi leo?" Alidhani ni ile Alhamisi ya siku zote. Uso wake ulikuwa wa furaha, na hilo ndilo lililoniumiza mimi zaidi.

Mwaija alikaa mkekani akafungua daftari. Akasoma wiki nzima kwanza, magunia, mishahara, mafuta ya pampu. Mzee anacheka mahali pake. Kisha akafika.

"Debiti mishahara. Krediti matumizi binafsi ya mwenye mali." Akataja jumla. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya kusomea. "Maelezo. Kurekebisha kosa la tangu mwezi wa tatu mwaka 2010. Fedha zilizoandikwa sabuni ya Mwaija zilikuwa mshahara. Mwaija Bwanausi alikuwa mfanyakazi wa kuajiriwa. Hakuwa mtu wa nyumba ya mwenye mali."

Mzee aligeuza uso kutafuta ilipotoka sauti. "Rudia."

Akarudia.

"Kumbe nilikuwa nakulipa?"

"Ndiyo, Baba."

"Na wewe ukinifanyia kazi."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nilidhani tunaishi tu," Mzee akasema.

Najim akaingilia haraka haraka, "Baba, hayo ni mambo ya karatasi tu, usiyatie moyoni, ni utaratibu ili Da Mwaija apate haki yake."

"Nyamaza wewe," Mzee akamwambia. "Mwaija haandiki mambo ya karatasi tu. Miaka yote hii ananisomea, sijamkuta na neno moja la uongo. Kama kaandika hivyo, ndivyo ilivyokuwa." Akanyoosha mkono. "Leteni huo wino."

Nikashika pedi, nikamshika dole. Lilikuwa linatetemeka, nikalibana kidogo, alama ikatoka safi. Mwaija alikuwa analia bila sauti, na Mzee hakuwa na macho ya kumwona. Hakuna aliyemwambia. Mimi nilikuwa na ulimi wangu mdomoni, ningeweza kusema, "Mzee, mwanao analia," na sikusema. Nalijutia hilo mpaka leo.

Asubuhi yake Mwaija alimpelekea uji kama kawaida. Binti wa kazi akapokea bakuli mlangoni, akarudi na salamu. Mzee amesema, mwambieni karani nashukuru. Karani! Mwaija aliniambia hilo akiwa amesimama kwenye kaunta yangu, akanunua kalamu nyekundu asiyokuwa na haja nayo, akaenda zake. Aliendelea kupeleka uji kila siku, na kila siku ulipokelewa mlangoni.

Fedha zikalipwa mwezi wa tano. Watu ishirini na wawili, saini ishirini na mbili, na orodha aliiandika yeye, jina lake likiwa la mwisho. Ingizo la mwisho la kampuni ya chumvi ya Mzee Alawi ni hilo. Makaunta buku yote yakapakiwa kwenye maboksi yakaenda Dar na wanunuzi, pamoja na Ramadhan wake na tochi zake. Nianjema fundi akapandisha mbao, bati zikapigwa, na kabla mwezi wa sita haujaisha Mwaija akahamisha sanduku. Nilikwenda kumpongeza. Nyumba nzuri, haivuji. Alinikaribisha chai, ya kwake akaiacha ipoe.

Sasa kule mjini wanapomalizia hadithi ndipo hapo kwenye bati. Hawajui yaliyoendelea.

Mwezi wa saba, Alhamisi, mchana, aliingia dukani. Alitaka kutoa fotokopi ya risiti za bati, na alitaka daftari. Si kaunta buku, daftari dogo tu la kurasa arobaini na nane, shilingi mia tano. Mashine yangu siku hiyo ilikuwa inameza karatasi, nikamwambia asubiri. Akafungua daftari lake pale pale kwenye kaunta, akaandika kwenye ukurasa wa kwanza. Hesabu za Mwaija Bwanausi. Mimi nikasoma kinyumenyume, kazi hii imenifundisha.

Debiti matumizi binafsi ya mwenye mali, shilingi elfu sita na mia tano. Krediti fedha taslimu, elfu sita na mia tano. Maelezo: "Sabuni ya Baba."

Chini yake akaorodhesha kwa herufi ndogo: unga wa uji, malimao, maziwa, na sabuni kweli, ya kipande.

Mimi nikiguswa huwa nasema upuuzi. "Hiyo si ungeiandika kwenye zaka?" nikamwambia. "Mwaka huu umeshika fedha, ungepata na thawabu zake."

"Baba hapewi zaka, Twalha," akasema bila kuinua kichwa. "Baba anahudumiwa."

"Na yeye siku hizi anakuitaje?"

"Bado karani." Akaomba rula, nikampa, akapiga mstari chini ya hesabu. "Lakini jana alimtuma binti wa kazi aniulize. Kwamba karani mbona Alhamisi haji tena kusoma."

Akasema fotokopi atazifuata kesho, akafunga daftari, akalitia kwapani, akahesabu mia tano akaziweka kaunta. Nje walishaanza kuadhini alasiri. Alifika mlangoni akarudi, akanyoosha mkono.

"Risiti yangu."

Nikamwandikia.